Koo la Nyangumi

Kila Ijumaa asubuhi nyumba yetu ya Barking ilikuwa ikipiga kelele. Mama anawasha makaa jikoni, anatia udi kwenye chetezo, anakibeba mpaka chumbani kwake na kusimama juu yake ili nguo zimeze moshi, na kabla harufu haijafika sebuleni king'ora cha moshi kilichobandikwa darini kimeshaanza kulia. Jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio. Mimi napanda juu ya kiti na kukipepea kile kidude kwa taulo, nikinung'unika. Mama hata hageuki.

"Kiwache kilie," anasema. "Mke wa mtu hanuki kitunguu."

Mke wa mtu! Mtu mwenyewe tulikuwa hatujamtia machoni tangu mimi sijang'oka meno ya utoto.

Baba alikuwa karani wa forodha kule Pemba. Miaka michache baada ya Mapinduzi, wakati huwezi kutoka kisiwani bila ruhusa na ruhusa haipatikani, alipanda mashua kwa siri na wenziwe kadhaa kwenda Mombasa. Alimwambia mama kwamba atatuita akishapata pa kukaa. Mashua ile haikufika Mombasa, wala Tanga, wala popote. Haukuonekana ubao, haikuonekana maiti, haikuonekana hata kofia. Basi. Hiyo ndiyo habari yote ya baba yangu, na nikimsimulia mtu inakwisha kabla chai yake haijapoa.

Sisi tulitoka baadaye, kwa njia nyingine, kwa fadhila za mjomba wangu, tukakaa Mombasa kwanza, kisha tukaangukia London, hapa Barking. Kila tulipohama, mama alihakikisha watu wa Pemba na wa Mombasa wanajua tulipohamia. Akija mtu kuulizia, aelekezwe.

Kwetu mwanamke akifiwa na mume hukaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje ila kwa dharura, hapaki wanja, hatii hina, hajifukizi udi, havai nguo ya kupendeza. Huitwa kizuka. Siku zikitimia hutolewa, akavishwa, akarudi kwa watu, na maisha yakaendelea. Mama hakukaa eda. Wazee walimwendea Pemba, wakamfuata Mombasa, na huku Barking alikuja sheikh na kanzu yake kumweleza kwamba aliyepotea miaka mingi namna hii huhukumiwa kuwa amekufa. Mama aliwatilia wote kahawa, akawapa na tende, kisha akawauliza swali moja: "Nimsomee hitima mtu hai?"

Hitima haikusomwa. Mimi mtoto wake wa pekee nilipita umri wa miaka hamsini sijapata hata siku moja kusema kwa sauti, ndani ya nyumba yetu, "Mungu amrehemu baba." Ningelisema, mama asingekula chakula siku nzima. Nilikuwa na wenzangu waliofiwa na baba zao, wakalia, wakapika pilau ya arubaini, wakamaliza. Mimi sikumaliza. Nilitaka baba yangu afe. Najua lilivyo baya kulisikia, lakini ndilo nililokuwa nikilitaka, na kila Ijumaa nikiwa juu ya kiti na taulo mkononi nililitaka zaidi.

Alitokea mtu mmoja wa Ngazija, mjane, fundi cherehani, mtu wa heshima zake, akaleta posa. Mama alikuwa bado kijana. Alimrudishia mjumbe jibu mlangoni, hakumkaribisha hata ndani: "Mwambie nina mume." Shangazi zangu wa kupanga hapa London walicheka mpaka wakakaa chini. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema. Kwa mama, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kila kitu: kiti chake, fungu lake la nyama sikukuu, na mkewe aliyepambika.

Mambo ya boti aliyaleta binti yangu. Yeye amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, na wakati huo alikuwa akisoma chuoni habari za wanyama wa baharini. Siku moja ya kiangazi alimwambia bibi yake kwamba pale Mto Thames unapoingia baharini kuna kisiwa cha tope, na boti inawazungusha watu wakaone wanyama waliolala juu ya mchanga. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, natunza wazee, mgongo unaniuma. Nilisema sisi si watu wa kulipa nauli kwenda kutazama wanyama wamelala. Mama alikuwa keshaingia ndani kuvaa.

Alitoka amejipaka wanja, miguu ina hina, kanukia udi mpaka kwenye lifti.

"Umejipamba kama waenda harusini," nikamwambia.

"Nakwenda baharini," akasema. "Si ndiko aliko?"

Tangu tufike nchi hii alikuwa hajapata kupanda chombo cha majini. Nilijua, lakini sikulifikiria mpaka nilipomwona anashika ukingo wa boti kwa mikono miwili, vidole vimemkakamaa. Boti yenyewe ndogo, imejaa Waingereza wenye darubini na mikate ya mayai. Nahodha alikuwa akieleza mambo kwa kipaza sauti. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Wanyama wale tuliwaona kwa mbali wamejilaza, wanene, kama magunia ya karafuu yaliyosahauliwa juani, na mama hakuwashughulikia hata kidogo.

Kisha karibu na boti kikatokeza kichwa.

Cheusi, cha mviringo, kimerowa, kina macho makubwa ya huzuni. Kilitutazama. Mimi mwenyewe moyo ulinipasuka. Kwetu hakuna mnyama wa namna hii. Mtu wa Pemba akiona kichwa kimetokeza majini mbali na pwani, hicho ni kichwa cha mtu anayezama, na wajibu wako ni kumtoa. Mama alikwishainuka. Alipiga ukelele ambao sikupata kuusikia kwake kabla wala baada.

"Mtu! Kuna mtu majini! Simamisheni chombo, jamani, mtoeni!"

Alikuwa amevua mtandio wake, ameshika ncha moja, anautupa upande wa pili majini ili yule aukamate. Waingereza wote waligeuka. Wengine walitabasamu, hawakujua wafanyeje. Binti yangu alimkumbatia kiunoni na kumwambia, kwa Kiswahili safari hii, "Bibi, si mtu. Anaitwa sili. Anaogelea tu." Kichwa kikatutazama tena, kikazama bila haraka, na mtandio ukabaki unaelea.

Nilitaka ardhi ipasuke, ila hapakuwa na ardhi. Nilimkalisha mama, nikamvika skafu yangu. Baada ya muda kichwa kilitokeza tena, kile kile au cha mwenziwe, na mama, sasa akijua kwamba ni mnyama, aliinama kwenye ukingo na kukisemesha kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsimamisha mpita njia kwa adabu.

"Asalaam aleikum. Wewe wakaa humu. Hujamwona?"

Ndani ya treni ya kurudi alikaa ameegemea kioo. "Bahari ni moja," akaniambia. "Watu wameweka majina tu. Maji ya huku na ya kule ni yale yale." Nilimjibu kwamba watu wa huko na wa huku wote wakizama hufa. Hakunisikia, au alijifanya. Usiku ule alikula sahani mbili za wali.

Tangu hapo hakutuacha tupumue. Safari lini? Boti lini? Binti yangu, Mungu amsamehe, alifurahi bibi yake amependa anachokisoma, na kiangazi kilichofuata akatupeleka pwani ya magharibi kutazama pomboo. Pomboo mama aliwajua tangu utotoni. Njia nzima alitueleza kwamba wazee wa kwao walisema pomboo hamwachi mtu: akimkuta aliyezama humsukuma kwa pua mpaka mchangani. Alieleza kama vile anasoma ratiba ya treni. Mimi nilikuwa natazama ng'ombe dirishani.

Tuliwaona. Walikuja wengi, wakawa wanarukaruka mbele ya boti, na mama akacheka na kuwapigia makofi. Lakini mmoja alikuwa nyuma, peke yake, anasukuma kitu kidogo cha kijivu kwa pua. Kikizama, anapiga mbizi na kukirudisha juu. Mwenye boti alizima injini. Alitueleza kwamba yule ni mama na kile ni kitoto chake, kimekufa, huenda tangu siku kadhaa, naye hataki kizame. Mwanamke mmoja wa Kiingereza alilia.

"Umeona?" mama akaninong'oneza. "Hajakata tamaa."

"Mama, kitoto kimekufa."

"Wewe umekipima?"

Nilitazama upande mwingine nikauma meno. Mfa maji haachi kutapatapa, ndivyo nilivyotaka kumwambia, nikalimeza kwa kuwa neno lenyewe lina maji. Mtu anaweza kuchoka na mwenzake mpaka akamwonea huruma na kutaka kumtikisa kwa wakati mmoja. Ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka wa tatu ikawa zamu ya nyangumi, na hapa mama hakuwa na mchezo. Nyangumi ndiye aliyekuwa akiba yake ya mwisho. Nabii Yunus alimezwa na samaki mkubwa, akakaa gizani tumboni mwake, akamwomba Mola wake, akatemwa pwani yu hai. Imo ndani ya Kurani, nani atabisha? Ile dua ya Yunus mama aliisoma kila baada ya sala tangu baba aondoke. Nimelala nayo na nimeamka nayo. Watu huisoma wakiwa na dhiki. Mama aliisoma kwa niaba ya baba, ikiwa labda kule aliko imempotea.

Tulikwenda kaskazini mbali, Scotland, treni kisha basi kisha feri, mpaka kwenye kisiwa cha mawe na kondoo. Baridi yake, ingawa ni kiangazi, ilikuwa ya kupasua midomo. Mama alikuwa kazeeka sana mwaka ule. Kupanda boti ilibidi ashikwe huku na huku. Lakini wanja ulikuwepo, na hina, na chini ya makoti mawili ya binti yangu alikuwa akinukia udi.

Tuliuzunguka upande mmoja wa kisiwa hatukuona kitu. Kisha maji yakafunguka, ukapita mgongo mweusi, mrefu, unapita na kupita hauishi, na pumzi ikatoka kwa kishindo. Upepo ukatuletea. Ilinuka samaki waliooza. Watu walicheka na kuziba pua. Mama hakuziba. Alikuwa ameshika mkono wangu na kunibana mpaka pete ikaniumiza.

Mwongozaji wetu alikuwa msichana mwenye koti la mvua la rangi ya machungwa, mchangamfu, anamjibu kila mtu. Mama akaninyooshea kidevu upande wake.

"Muulize. Huyu akimmeza mtu, mtu atafika tumboni mzima?"

"Mama, nitauliza vipi jambo kama hilo?"

"Kwa Kiingereza. Si unacho?"

Nikauliza. Nilitegemea msichana atacheka, nasi tutacheka, na mambo yatapita. Kweli alicheka kidogo, lakini alifurahia swali, akalijibu vizuri, kwa mikono na kila kitu. Alisema huyu hawezi kummeza mtu kabisa. Hana hata meno. Mdomoni ana kama chujio, anavuta maji mengi, anayachuja, anameza visamaki. Kinywa ni kikubwa, lakini koo ni dogo. Alikunja ngumi yake akatuonyesha. Hata kichwa cha mtu, alisema, kingekwama.

Binti yangu alinifinya. Alijua ninachotaka kufanya. Alinitikisia kichwa, nami nikamwona vizuri.

Nilitafsiri. Sikuongeza na sikupunguza. Habari ya chujio nilimpa, habari ya visamaki nilimpa, na ngumi nikaikunja kama msichana alivyoikunja, nikaiweka mbele ya macho ya mama yangu. Miaka yote ile nilikuwa sina hata kipande cha ushahidi cha kumwekea mezani, na leo nimekipata.

Mama aliitazama ngumi yangu. Kisha akatazama maji. Mgongo ulitokeza mara nyingine, mbali zaidi, ukazama, na bahari ikabaki bahari, kijivu, haina mwisho, huku na huku na kule. Aliitazama muda mrefu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona ukubwa wake.

Akashika ncha ya mtandio na kujifuta macho. Nilidhani ni maji ya chumvi. Akafuta tena, kwa nguvu, jicho moja kisha la pili, mpaka nguo ikawa nyeusi na macho yake yakabaki meupe, madogo, ya bibi kizee nisiyemjua.

Tuliposhuka gatini akasema, "Tukirudi mwite yule sheikh."

Sheikh alikuja, akakaa kwenye kochi letu, akamuuliza mama maswali yanayotakiwa, akatoa hukumu kwamba mtu yule amekufa. Kuanzia siku ile mama akawa kizuka. Hitima ikasomwa Ijumaa iliyofuata. Walikuja watu kutoka Thornton Heath, walikuja kutoka Harrow, viatu vikajaa mpaka kwenye ngazi. Nikalia. Nililia kama mtoto, mbele za watu, na wanawake wakanishika na kuniambia Mungu amrehemu baba, nami nikasema amin kwa sauti. Nilikuwa na furaha. Naandika ilivyokuwa.

Furaha yangu haikukaa. Eda ina sheria zake, na mama alizifuata kana kwamba alikuwa amezihifadhi miaka yote kwenye kasha. Wanja aliutoa, akanipa. Hina ilifutika miguuni kidogo kidogo, kucha zake zikabaki tupu. Gauni lake lilikuwa moja, la kijivu. Alikaa kitandani anatazama ukuta, na dua ya Yunus sikuisikia tena. Chakula alikula vijiko viwili, akarudisha sahani na kunishukuru, kama mgeni. Daktari alikuja, akampima, akasema moyo wake umechoka na itafaa alazwe. Sheikh alipigiwa simu, akasema hospitali ni dharura, ruhusa ipo. Mama akasema yeye hana dharura.

Ijumaa zilikuwa kimya. Jirani wa chini alinikuta kwenye lifti akaniuliza kama tulihama.

Eda haikuwa hata nusu nilipoanza kumbembeleza. Nilipiga magoti kando ya kitanda chake, mimi, mtu mzima mwenye mvi. Nilimwambia yule msichana wa boti ni mtoto mdogo, anajua nini? Nilimwambia wako nyangumi wa aina nyingine, wenye meno, wakubwa zaidi, binti yangu kanionyesha vitabuni, koo zao ni pana. Nilimwambia baba huenda aliokotwa na meli, huenda alipelekwa nchi za mbali, huenda alisahau jina lake, mambo haya hutokea. Maneno yote niliyompinga nayo maisha yangu niliyageuza nikayasema upande wa pili. Mwisho sikuwa na lolote ila hilo moja.

"Mama, Yunus alitoka. Si umenifundisha mwenyewe? Yunus alitoka mzima."

Aliweka mkono kichwani kwangu. Ulikuwa mwepesi, hauna uzito.

"Yunus alikuwa Mtume, mwanangu," akasema. "Babako alikuwa karani."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Niliwasha makaa mwenyewe jikoni, nikatia udi wake, ule mzuri aliokuwa akiuweka kwa sikukuu, nikakibeba chetezo mpaka chumbani. Nilijua ni haramu kwa kizuka. Sikujali. Nilitaka asikie harufu ile tu, anuse, akumbuke yeye ni nani. Moshi ukapanda, na king'ora darini, baada ya kimya cha wiki zote zile, kikaanza kulia. Chini, ufagio ukagonga. Sikupanda kiti. Nilisimama pale mlangoni na chetezo mkononi, kelele zinanipasua masikio, namtazama mama.

Alifumbua macho. Akanusa, nilimwona ananusa. Akatikisa kichwa.

"La kuvunda halina ubani," akasema. "Kizime, mwanangu. Watu watadhani humu mna mke wa mtu."